Kupiga dramu wima: anza na mguu

SWALI: Naimba na kupiga dramu kwenye bendi ya watu watatu, majukwaa yetu ni finyu, na nataka nipige nikiwa nimesimama. Nimeshauriwa ninunue seti ndogo ya kawaida kisha nirefushe stendi. Besi (ngoma kubwa inayopigwa kwa pedali) ya inchi 16 inatosha, au nitafute ya 18? Haihati, yale matoazi mawili yanayogongana, naihitaji pia.

JIBU: Chukua 18. Uzito wa mlio hutegemea zaidi upana wa ngozi, na ya 16 ukiilegeza mno ili izame, ngozi inakuwa tepetepe na kinyundo cha pedali hakidundi tena. Hilo limekwisha. Linaloudhi ni huo ushauri wa "nunua ndogo, refusha stendi", maana hauna mwisho, na wanaoutoa mara nyingi ndio wanaouza hizo ndogo.

Udogo wa seti haukusaidii kusimama. Aliyeketi ameukabidhi uzito wake kwa kiti, miguu yote miwili iko huru. Ukisimama, mguu mmoja unabeba mwili na mwingine unakanyaga, basi pedali mbili kwa pamoja, ya besi na ya haihati, sahau. Haihati yako ifunge kwenye kishikio kisicho na pedali, matoazi yakigusana kidogo tu. Ukiyabana sana yatalia kama bati.

Kwenye besi, kisigino kikae juu ya pedali na sehemu ya mbele ya mguu ndiyo ifanye kazi. Pedali imeinuka kutoka sakafuni, kwa hiyo mguu wa pili uwekee ubao wenye unene ule ule wa sehemu ya kisigino. Bila ubao nyonga inainama upande mmoja, na kiuno kitakudai kabla onyesho halijaisha. Springi ilegeze mpaka kinyundo kirudi chenyewe bila kuusukuma mguu.

Sasa sneya, ile ngoma fupi yenye nyuzi chini. Vaa viatu vya jukwaani, kunja viwiko, pima kutoka sakafuni hadi kiwiko, kisha toa sentimita 10. Kiwiko kikiwa 102, ukingo wa sneya uwe 92. Sneya ya kina cha inchi 5.5 ni sentimita 14, kwa hiyo mikono ya stendi inayoibeba ifike 78. Stendi ya kawaida imeundwa kwa mtu aliyeketi, haifiki huko. Zipo ndefu za wapigaji wa okestra, ambao sneya huipiga wima. Nunua hiyo.

Watu hawanunui. Wanachomelea kipande cha bomba, au wanapanga matofali. Bomba linapandisha uzito juu huku miguu ya stendi ikibaki na upana ule ule, na kila pigo la ukingoni linaisukuma kando. Stendi za matoazi nazo zina balaa lake: bomba la ndani likivutwa hadi mwisho, kibano kinashika sentimita chache tu na kitalegea katikati ya wimbo. Acha angalau theluthi ya bomba ndani, na toazi lielekee juu ya mguu mmojawapo wa stendi.

Utauziwa pia ile ngoma moja ndefu ya kusimamia, inchi 14 hadi 16, yenye kina cha takriban 24, ambayo pedali huipiga ngozi ya chini. Ni chombo halali, ila usidanganywe kwamba kina hicho kinaipa mlio wa besi ya inchi 22. Ukikanyaga, ngozi ya juu nayo inatikisika na nyuzi za sneya zinalia bila kuguswa, isipokuwa kuna kizuizi ndani. Na anayekugeuzia tomu (ngoma ya seti isiyo na nyuzi) ya kawaida kwa pedali ya kawaida anakutania: kinyundo chake hupiga mbele, na hapa panatakiwa kinachopiga kwenda juu.

Wapiga dramu waliosimama wapo: Moe Tucker wa bendi ya Velvet Underground aliilaza besi na kuipiga kwa vinyundo vya mkononi, bila pedali. Slim Jim Phantom wa bendi ya Stray Cats alisimama na besi, sneya na toazi. Kabla hujalipa, kanyaga besi mfululizo kwa dakika 10 ukiimba. Nyonga ikiuma na muuzaji akasema utazoea, mwachie seti yake.