Old Moshi iko wapi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Hatujambo huku Arusha, mama yako anakusalimu sana. Swali lako nimelipenda: eti mlipanda gari la Old Moshi, likawapandisha mlimani hadi kwenye migomba, mkashuka msione mji wowote. Sasa huo mji wa zamani uko wapi?

Ndiyo hapo hapo mliposhuka. Moshi ilikuwa huko juu, kwa Mangi Rindi (mangi ni mtawala wa Kichaga) na baada yake mwanawe Meli. Mwaka 1892 Meli aliwachapa Wajerumani wakakimbia. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na wamangi na wazee wengine, jumla watu 19. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo unakidai. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilitambua fuvu la akida wake, yaani mshauri wake, kati ya yale yaliyowekwa Berlin. La Meli bado.

Mji uliteremshwa na treni. Reli ya Tanga ilifika 1911, na garimoshi haliwezi mteremko ule, basi stesheni ikajengwa tambarare; ofisi na maduka yakaifuata, na jina nalo likashuka. (Huku kwetu reli ilifika 1929, lakini msituringie.)

Ila chuo chako, Chuo cha Ushirika, hakikuletwa na reli. Kililetwa na kahawa. Walowezi hawakutaka Mchaga alime arabika. Walisingizia magonjwa ya mibuni, mimi nasema waliogopa kukosa vibarua. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, rais wake Joseph Merinyo, na 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Usidhani mambo yalikuwa shwari: 1937 wakulima wenyewe walikichachamalia chama, na 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Chuo cha Ushirika kilianza 1963 kufundisha watu wa kuendesha vyama hivyo. Uchuo kikuu ni wa 2014 tu.

Kwenye vitabu vyenu hamtamkuta karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini, siku ya mizani. Mama anatua gunia lake, karani anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota kahawa ya chini kabisa, maana ya juu kila mtu huianika vizuri. Anatia punje moja mdomoni, anaing'ata. Ikilia, inapimwa. Ikibonyea, mama anabeba gunia lake kurudi juani, na foleni nzima inajua.

Jumamosi rudini Old Moshi, mfike Tsudunyi aliponyongewa Meli, na muwaamkie wazee kabla ya kutoa simu za kupigia picha. Mkiteremka, shukieni mnara wa saa mlione jengo la KNCU, mnalipita kila siku. Nauli nimekutumia, usiile chipsi.

Baba yako