Ile Nguo ya Mashine na Maneno ya Shemeji

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia hivi: "Kaka, nimeacha mazoezi ya kuogelea. Kocha anataka tuvae zile nguo fupi za kubana, na wenzangu wameniuliza kama nimegeuka mwanamke. Nifanyeje?"

Ujumbe wenyewe ni mfupi, ila niliurudia mara tatu. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuambiwa mimi.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa bukta. Pana, inafika magotini, mifuko mitatu, na kamba ya kiunoni ambayo sikuwahi kuifunga. Nikijirusha majini mifuko inavimba kwa hewa, kitambaa kinapanda na kuelea juu kama mwavuli. Nikifika mwisho wa bwawa, nasimama kwanza niivute, halafu ndiyo nigeuke. Nilikuwa nawaambia watu kwamba mimi nina mifupa mizito. Kumbe nilikuwa naogelea huku nakokota ndoo.

Kisha kazi ikanipeleka Ufaransa miezi michache. Habari za kazi hazina utamu, tuziache. Jioni ya kwanza niliyokwenda kwenye bwawa la umma, mwokoaji alininyooshea kidole mapajani, halafu akakinyoosha ukutani. Pale palikuwa na picha mbili: bukta kama yangu imepigwa mstari mwekundu, na ya kubana imewekewa alama ya vema. Mabwawa mengi ya umma kule ndivyo yalivyo. Wanasema ni usafi: bukta mtu anaweza kushinda nayo mtaani, akaja nayo na jasho na vumbi lake, lakini ile ya kubana utaivaa kuogelea tu. Nikajaribu kubishana kwa mikono. Akanionyesha korido.

Kwenye korido kulikuwa na mashine kama zile za kuuza soda, ila ndani mna kofia za kuogelea, miwani na hizo nguo. Nikatumbukiza sarafu. Kikadondoka kifurushi kinachoenea kiganjani. Nikakifungua, nikakigeuza, nikatafuta kilichobaki.

Chumbani nilikaa dakika ishirini hivi. Nilitoka nimejizungushia taulo, natembea ubavuubavu kama kaa. Mzee mmoja mwenye kitambi na kifua cha mvi, kavaa hiyo hiyo, akanipita anapiga miayo. Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama! Nikaacha taulo, nikaingia, na mkono wangu ukagusa ukuta wa pili kabla sijautarajia. Nilidhani nimehesabu vibaya.

Basi nikajipiga picha, maana nilikuwa na furaha, nikamtumia mke wangu. Sijui ilipitia wapi, shemeji akaiweka kwenye kundi la familia na maneno: "Mwanaume mzima na chupi ya mtoto." Watu wakacheka siku mbili. Ni miaka sita sasa na nimesamehe, ingawa nakumbuka hata idadi ya vile vikatuni vya kucheka alivyoweka. Vilikuwa vinne.

Sasa nisikilizeni, wanaume wenzangu. Hiki tunachokiita "vazi la kiume" kinabadilika kila mara, na kila mara tunaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Miaka ya 1930, huko Atlantic City nchini Marekani, wanaume walikamatwa na polisi kwa kuwa vifua wazi ufukweni. Kifua! Mwanaume mwenye heshima alitakiwa ajifunike kwa fulana ya kuogelea, nyingi zikiwa za sufu, iliyonyonya maji mpaka inaning'inia. Mwaka 1972 mwogeleaji Mmarekani Mark Spitz alishinda medali saba za dhahabu kwenye Olimpiki ya Munich, akapigwa picha na medali zake zote shingoni, sharubu zake, na kijinguo hicho hicho mnachokicheka. Picha ile ilibandikwa kwenye kuta za watu, na wa kumwambia amegeuka mwanamke hakuonekana.

Na hizi bukta ndefu tunazozitetea kwa jasho zilienezwa na watu wa kuteleza juu ya mawimbi. Wao wanakaa kwenye ubao uliopakwa nta, paja likiwa wazi linachubuka. Wana sababu. Wewe ubao wako uko wapi?

Nenda katazame polo ya majini, ule mchezo wa kurushiana mpira na kufunga magoli ndani ya bwawa. Wale jamaa wanavutana chini ya maji kama wanagombea urithi, na wamevaa fupi zinazobana kwa sababu kitambaa kinacholegea kinampa mpinzani pa kushika. Ukimaliza, njoo uniambie nani hapo si mwanaume.

Mdogo wangu, ulitaka ushauri. Funga kamba ya ndani, usifanye kama mimi. Chuchumaa nayo nyumbani kwanza, uone kama inakaa. Ukitoka bwawani isuuze kwa maji baridi yasiyo na dawa, maana klorini inakula mpira wa kiunoni. Kama ile fupi kabisa inakushinda, zipo za kubana zinazoishia juu ya goti, na hata sheria za mashindano ya kimataifa tangu 2010 zinamruhusu mwanaume kujifunika kuanzia kitovuni hadi gotini. Muulize kocha. Na funga kamba, narudia.

Kuhusu wenzako, wangu mimi hawakuacha kucheka. Niliacha mimi kuwasubiri waache. Shemeji hajaomba radhi mpaka leo. Desemba tulikutana bwawani, yeye na bukta yake ya maua, mifuko imevimba, anapumua kwa kuhema ukutani. Nilimpita mara nne. Ndiyo, nilihesabu.

Ile ya mashine bado ninayo. Mpira umelegea na rangi nyeusi imekuwa ya kahawia. Siku za mazoezi naivaa juu ya mpya ili maji yanizuie kidogo, nikiivua niwe mwepesi.