Kipimo cha ukeni cha nyumbani kinapima nini hasa?

SWALI: Nina miaka 29, naishi Tabata. Kwa wiki moja sasa nina muwasho ukeni na ninatokwa na uchafu mweupe mzito. Nilinunua famasi kipimo cha kujipima nyumbani, kijiti kikabaki na rangi ya manjano, na karatasi ya maelezo ikasema hiyo ni hali ya kawaida. Je, niamini kwamba sina maambukizi wala ugonjwa wa zinaa? Shoga yangu anasema ni UTI.

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo hicho hakiwezi kukuhakikishia lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu hakitafuti kijidudu chochote. Kinapima tindikali ya ukeni, yaani pH, ambayo kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwa kati ya 3.8 na 4.5, kutokana na asidi inayotengenezwa na bakteria wazuri waishio humo. Bakteria hao wakipungua na wengine wakashika nafasi yao, hali ambayo huambatana na harufu ya shombo, hasa baada ya kujamiiana, au mtu akiambukizwa trikomonasi, kimelea kinachoenezwa kwa kujamiiana, kwa kawaida pH hupanda kupita 4.5, yaani tindikali hupungua, na kijiti hugeuka kijani au buluu. Fangasi, kwa upande wao, humea bila shida katika tindikali ile ile ya kawaida. Kwa hiyo mwenye muwasho na uchafu mzito kama maziwa mgando, huku kijiti kikibaki cha manjano, hajaambiwa kuwa ni mzima. Kinachoshukiwa zaidi kwake ni fangasi.

Rangi ikibadilika nayo isikukimbize kununua metronidazole, dawa ya maambukizi hayo, kwani damu ya hedhi na shahawa hupandisha pH bila ugonjwa wowote; subiri hedhi iishe, na zipite siku mbili baada ya kujamiiana, ndipo upime. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu, ingawa wengi wetu tumefundishwa kuwa ndiyo usafi, huwapunguza wale bakteria wazuri na kuyakaribisha maambukizi.

Kuhusu UTI, hapa mjini kila muwasho umepewa jina hilo. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: mkojo huunguza na hukubana mara kwa mara, lakini UTI haisababishi uchafu ukeni.

Magonjwa ya zinaa ni habari nyingine kabisa. Kisonono na klamidia hushambulia shingo ya kizazi, mara nyingi bila dalili, na visipotibiwa vinaweza kuziba mirija ya uzazi. Hupimwa kwa ute wa ukeni au mkojo katika maabara. Kaswende hupimwa kwa damu. Kwa upande wa VVU, kujipima mwenyewe kunaruhusiwa nchini tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, ila jibu chanya lazima lithibitishwe kituoni, na jibu hasi lirudiwe miezi mitatu ikipita tangu siku unayoitilia shaka. Kama siku hiyo haijapita saa 72, nenda kituoni leo hii uombe dawa za kinga.

Kwa sasa fika kituo cha afya kilicho karibu, uchunguzwe kabla ya kutumia dawa yoyote, na usichelewe iwapo una mimba, homa, vidonda au maumivu chini ya kitovu. Ikibainika trikomonasi, kisonono, klamidia au kaswende, mwenzako naye atibiwe, na mjizuie kujamiiana hadi mhudumu atakapowaruhusu. Akitibiwa mmoja peke yake, maambukizi yanaweza kurudi. Baada ya hapo kondomu itumike kila mara, mpaka wote wawili muwe mmepima na kuyajua majibu yenu.