Je, hujaji aliyevutiwa na magofu alikuwa na imani haba?

Ndugu muulizaji, umeuliza kama unaweza kudai katika tasnifu yako kwamba wasomi wa Renaisansi (kipindi ambacho Ulaya ilifufua elimu ya Wagiriki na Warumi wa kale) waliokwenda hija waliifanya ibada kuwa kisingizio cha kutazama magofu. Nakushauri usiandike hivyo kabla hujamsoma Giovanni Rucellai, mfanyabiashara wa Firenze aliyekwenda Roma kwa Jubilei, yaani mwaka mtakatifu wa hija wa Kanisa Katoliki, ya mwaka 1450. Anaeleza kwamba asubuhi alizuru makanisa manne, baada ya chakula alipanda farasi kwenda kuyatazama majengo ya kale, na jioni akayaandika aliyoyaona, wala haoni haja yoyote ya kujitetea.

Mgumu zaidi kumpima ni Francesco Petrarca, mshairi na msomi wa Italia wa karne ya 14, na huyo anastahili sura nzima. Mwaka 1358 alimwandikia rafiki yake mwongozo wa safari ya Yerusalemu, ingawa yeye mwenyewe alikataa kwenda. Sehemu kubwa yake inahusu pwani ya Italia, likiwemo kaburi linalodaiwa kuwa la Virgil, mshairi wa Roma ya kale, huko Napoli, ilhali Nchi Takatifu imepewa nafasi ndogo. Ushahidi huo unaonekana kukuunga mkono, lakini pima kwanza kwamba Italia aliijua kwa macho yake, na kwamba katika barua aliyomwandikia rafiki yake mtawa Giovanni Colonna kuhusu matembezi yao Roma, anawataja mashujaa wa kale pamoja na mitume na mashahidi wa Kikristo.

Ciriaco wa Ancona, mfanyabiashara Mwitalia wa karne ya 15 aliyetafuta mabaki ya kale, mwache kando, kwa kuwa safari zake za kunakili maandishi ya mawe hazikuwa hija.