Fuata swali, usifuate orodha: nilivyotoka kwenye riwaya tupu hadi mashairi na vitabu vya maarifa

Ndugu mleta mada, umesema umesoma riwaya tu kwa miaka mingi, sasa unataka kuchanganya na mashairi pamoja na vitabu visivyo vya kubuni, lakini kila ukiuliza unapewa orodha ya vitabu mia vya lazima na hujui ushike kipi. Nimepitia majibu ya wenzangu na naona wengi wamekuongezea orodha nyingine. Naziheshimu, ila mimi orodha zilinishinda. Nitakueleza njia iliyonifaa, na nitaieleza kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda.

Nilikuwa kama wewe. Riwaya za upelelezi, riwaya za mapenzi, nikimaliza moja nashika nyingine. Mwaka mmoja nikaamua nipanue usomaji. Nikachukua orodha iliyosifiwa na watu, nikakusanya vitabu kumi na viwili: diwani (vitabu vya mashairi) nne, historia nne, wasifu mbili, sayansi viwili. Kimoja kila mwezi. Mwezi wa tatu nikakwama katikati ya diwani, na vingine tisa sikuvifungua. Iliniuma sana, nikaamini kwamba mimi si mtu wa mashairi. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Vile vitabu havikuwa na habari na wenzake. Kila kimoja kilikuwa kisiwa, na mimi sikuwa na jambo nililokuwa nikilitafuta ndani yake. Nilikuwa nasoma ili nimalize.

Kilichonifungua ni shairi moja. Rafiki yangu alinisomea kwa sauti "Mamba" kutoka diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki. Nilisikiliza nikadhani ni shairi la mnyama wa mtoni mwenye kiburi, nikasema limepangwa vizuri, basi. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mtunzi alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu cha kuikosoa serikali alichokiita "Kenya: Twendapi?", akakaa gerezani miaka mitatu, na mashairi yale aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ikatoka mwaka 1973. Nikamwomba anisomee tena. Maneno ni yale yale, vina ni vile vile, lakini safari hii yule mamba hakuwa mnyama tena, alikuwa mtawala, na mimi nywele zilinisimama.

Nikaondoka pale na swali: mtu akizuiwa kusema, maneno yake huenda wapi? Sikulitunga ili niwe na mpango wa kusoma. Lilinijia lenyewe, likakataa kuondoka, na ndilo lililoniletea mchanganyiko ninaokula hadi leo.

Kwanza lilinipeleka kwenye historia, mahali ambapo ile orodha ilishindwa kunifikisha. Nilitaka kujua kijitabu kinawezaje kuitia hofu serikali. Nikasoma habari za miaka ile: chama cha upinzani cha Kenya People's Union, ambacho mtunzi wa kijitabu alikiunga mkono, kilichoundwa mwaka 1966 chini ya Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, na jinsi kilivyopigwa marufuku mwaka 1969. Kutoka hapo nikatafuta kitabu cha Odinga mwenyewe, Not Yet Uhuru, kilichotoka mwaka 1967. Hebu zitazame hizo tarehe. Anaandika miaka miwili kabla chama chake hakijafungwa. Mimi msomaji najua kinachomngoja, yeye hajui, na kila ukurasa unapata uzito ambao hakuukusudia. Riwaya huwa haina kitu hiki, kwa kuwa mtunzi wa riwaya anaujua mwisho wake. Kumbukumbu za mtu aliyeandika akiwa bado njiani zinakupa binadamu asiyeijua kesho yake. Tangu siku ile sikuviita tena vitabu vya maarifa "vikavu".

Kisha swali likanirudisha kwenye riwaya, tena ile niliyodhani nimeshamalizana nayo. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikaitapika kwenye karatasi ya majibu na kuisahau. Nilipoirudia nikakuta inazungumza na mamba wangu. Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Na nchi yenyewe mwandishi ameiweka angani! Mtu anayeandika chini ya utawala wa kikoloni ananing'iniza nchi hewani ili aweze kuisema. Kwa hiyo nikawa na majibu matatu ya swali langu: mshairi amejificha kwenye fumbo la mnyama, mwanasiasa ameandika waziwazi kwa jina lake, mtunzi wa riwaya ameihamisha nchi nzima. Kama ningesoma aina moja tu, ningepata jibu moja tu.

Huyo Shaaban Robert ndiye aliyenifundisha njia ya pili, ambayo ni rahisi kuliko zote: mfuate mwandishi anapovuka aina. Wewe unampenda mtunzi fulani wa riwaya. Tazama ameandika nini kingine. Shaaban Robert aliandika riwaya, tenzi, insha, habari za maisha yake mwenyewe, na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Ule wasifu niliusoma kwa sababu tu nilimwamini mwandishi. Ukaniacha na hamu ya nyimbo, nyimbo ni mashairi, nikajikuta nimerudi kwenye ushairi bila kuburutwa. Sauti ya mtu unayemjua hupunguza ugeni wa aina usiyoijua. Waandishi wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani, ila sisi tunawajua kwa kitabu kimoja kilichovuma.

Sasa niseme zaidi kuhusu mashairi, maana naona kwenye swali lako ndiko kwenye hofu. Diwani haisomwi kama riwaya. Usianze ukurasa wa kwanza na kukimbilia wa mwisho. Mimi nilipokwama kwenye ile ya mwezi wa tatu nilikuwa nasoma mashairi ishirini kwa mkao mmoja, kwa macho tu, kimya. Soma moja kwa siku, na ulisome kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona. Shairi la kimapokeo limetungwa kwa ajili ya sikio: mshororo mara nyingi una mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, na utenzi una mizani nane. Mizani ni silabi tu. Neno "kitabu" lina tatu. Siku mbili tatu ukihesabu kwa vidole, ya nne huhesabu tena, unasikia. Ukikutana na neno la lahaja, na kwa Abdilatif utakutana na Kimvita kingi, yaani Kiswahili cha Mombasa, usisimame kila mstari kufungua kamusi. Lipite, malizia ubeti, halafu urudi. Mara nyingi ubeti wenyewe utakuwa umeshakupa nusu ya maana.

Na kama vina na mizani vinakuchosha, anzia kwenye mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata kanuni hizo, ukazuka ubishi mkubwa kati ya wanamapokeo (wanaoshikilia vina na mizani) na wanamabadiliko (wanaoviacha) kuhusu shairi ni nini hasa. Yeye pia ni mtunzi wa riwaya, kwa hiyo ukiwa umesoma riwaya zake mlango umeshafunguka nusu. Ushauri wangu: chukua mkusanyiko wenye watunzi wengi kabla ya diwani ya mtu mmoja. Humo utakutana na sauti kumi na tano, kumi na mbili zitakupita, tatu zitakushika, na hizo tatu ndizo za kuzitafutia diwani.

Kitabu cha maarifa nakipima kwa njia nyingine. Nasoma utangulizi, naangalia mwaka wa kuchapwa (kwa tiba na sayansi mwaka ni jambo kubwa, kwa historia si lazima), kisha naenda kwenye faharasa mwishoni, ile orodha ya mambo na kurasa zake, na kutafuta jambo moja ninalolijua vizuri. Nafungua kurasa hizo. Mwandishi akilieleza sawasawa, namwamini kwa yale nisiyoyajua. Akilikosea au akilipitia juu juu, nakirudisha. Dakika kumi zinatosha, na zimeniokoa mara nyingi. Marejeo ya mwisho nayo usiyaruke: mwandishi mzuri wa historia atakutajia barua, kumbukumbu, hata riwaya na mashairi ya wakati ule. Nusu ya vitabu nilivyovipenda nimevitoa huko.

Kwenye riwaya, kitu kama hicho kinakaa mwanzoni. Umewahi kuona ile mistari michache inayowekwa kabla ya sura ya kwanza, aghalabu kutoka kwa mshairi? Watu huiruka. Mimi naiandika kwenye daftari pamoja na jina la aliyeitunga. Mtunzi unayempenda amekwambia mwenyewe anamsoma nani. Hakuna pendekezo la dhati kuliko hilo.

Maktabani kuna jambo moja la kulijua. Maktaba nyingi hutumia mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika makundi 10 makuu: sayansi ziko 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Lakini riwaya mara nyingi huondolewa kwenye namba hizo na kupangwa pembeni kwa majina ya waandishi, mashairi yakabaki kule kwenye 800. Ndiyo maana msomaji wa riwaya anaweza kuingia na kutoka miaka kumi asipite mbele ya diwani hata moja. Si kwamba hazipo, njia yake haipiti huko. Nenda makusudi. Ukipata kitabu cha maarifa kilichokugusa, rudi kwenye rafu yake utazame viwili vya kushoto na viwili vya kulia. Wameviweka jirani kwa sababu vinazungumzia jambo moja.

Programu za kupendekeza vitabu mtandaoni mimi sizitegemei kwa kazi hii. Zinatazama ulichosoma na kukuletea kinachofanana nacho, na wewe unachotafuta ni kisichofanana.

Tuzo zinasaidia, hasa zile zinazotunuku aina zaidi ya moja. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na imekuwa ikitunuku riwaya na ushairi pamoja. Usiishie kwa mshindi, soma na walioteuliwa. Tafsiri pia: Julius Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na ukisoma Mabepari wa Venisi unakuwa na tamthilia na ushairi mkononi kwa mkupuo mmoja. Ukimpenda mfasiri, mfuate kama unavyomfuata mtunzi.

Na acha kitabu kisichokushika. Mimi najipa kurasa hamsini kwa riwaya, sura moja kwa kitabu cha maarifa, mashairi matano kwa diwani. Kuna nilivyoviacha vikanirudia miaka baadaye, vikanishika barabara.

Daftari langu sasa lina safu mbili tu: kitabu, na kilichonileta kwake. Nikilifungua naona mstari mmoja unaoanza na "Mamba" na haujakatika bado. Wiki hii umenifikisha kwenye kitabu cha historia ya vyombo vya habari, na kando yake diwani ambayo nimeifikia kwa mistari miwili iliyokuwa mbele ya riwaya.

Kwa hiyo kabla hatujakutajia vitabu zaidi, tuambie kitu kimoja: katika riwaya ulizosoma, ni jambo gani lililokubakia kichwani baada ya kufunga kitabu, ukawa unalifikiria njiani? Liandike hapa hapa chini, hata kama halijanyooka. Wapo humu wanaojua historia, wapo wanaojua ushairi, na mimi nitakutafutia la kwangu.