Ukumbi wa Mafundi: PS2 Yawaka Kijani, Yarudi Nyekundu

SWALI: Mafundi, shikamooni. Nina PS2 (PlayStation 2) nyembamba, SCPH-77004, iliyowekwa zamani chipu ya kuchezesha diski za kunakili. Ikiwa wazi mezani inacheza vizuri. Nikirudisha bati na mfuniko na kukaza skrubu, nabonyeza kitufe, taa inakuwa kijani kama sekunde moja halafu inarudi nyekundu. Fundi ameniambia chipu imekufa, ninunue nyingine. Nifuate? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu bado. Chipu iliyokufa haiwezi kujua kama mfuniko umefungwa au uko wazi. Taa ikiwa nyekundu, umeme wa kusubiri unafika kwenye bodi. Ikiruka kijani na kurudi, mashine imejaribu kuwaka, ikakuta shoti au volti imeanguka, ikajizima ili isiungue. Kwa kuwa kwako inatokea baada ya kukaza skrubu, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa chipu uliobanwa na bati la kinga. Bati lile limeungwa na nagetivu. Likikwaruza ganda la waya wa 3.3V unaolisha chipu, tayari ni shoti.

Chomoa umeme, fungua, kisha pitia kila waya chini ya mwanga mkali. Tafuta mahali ganda limepondeka au pana alama ya kung'aa, hasa kwenye ukingo wa bati na karibu na mashimo ya skrubu. Waya uliochubuka ubadilishe wote kwa waya mwembamba wa geji 30, ukate mfupi kadiri inavyowezekana, na uulaze bapa kwenye bodi. Funika kwa ile tepu ya kahawia inayostahimili joto. Tepu nyeusi ya umeme haifai hapa, gundi yake huyeyuka na waya unahama.

Lamu kuna jambo jingine: hewa ya chumvi. Angalia miguu ya chipu na sehemu zilizolehemiwa. Ukiona unga wa kijani, sugua kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Fluksi (dawa ya kulehemia) ya zamani isiyosafishwa hunasa unyevu na kuanza kupitisha umeme kati ya miguu miwili iliyokaribiana.

Waya zikiwa nzima, pima. Adapta ya mashine hii hutoa 8.5V. Kipimo cha adapta isiyo na mzigo hudanganya, kwa sababu kapasita zilizokauka huonyesha volti sawa mpaka mashine ianze kuvuta. Kwa hiyo pima ndani, pale tundu la umeme lilipolehemiwa, mwenzio akibonyeza kitufe. Ikishuka chini ya 8V, tatizo ni adapta. Isiposhuka, chomoa umeme, weka mita kwenye omu, upime kati ya waya wa 3.3V wa chipu na nagetivu. Kipimo kikilingana na kile unachopata ncha za mita zikigusana zenyewe, shoti ipo.

Sasa itenge chipu. Hapa mafundi wengi hukosea: wanakata waya wa 3.3V peke yake, wanaona tatizo lipo palepale, wanahukumu bodi. Chipu isiyo na umeme wake huendelea kuunyonya kupitia waya za data, na inaweza kuzivuta chini zote. Toa waya zote, kwa kichomeo cha nyuzi 350 hivi na fluksi ya kutosha, bila kuvuta kwa nguvu, maana vidoto vya shaba ambavyo waya zimelehemiwa kwenye bodi hung'oka. Mashine ikiwaka kawaida bila chipu, kosa ni la chipu au la uwekaji wake. Isipowaka, kagua chipu ya bodi yenyewe inayoendesha mota na leza ya diski, na usirudishe kitu mpaka hapo pawe sawa.

Chipu ikithibitika kufa, ushauri wetu ni uache bila. Memori kadi ya 8MB yenye Free McBoot, programu ya kuanzisha gemu bila chipu, inafanya kazi kwenye mashine yako bila kulehemu hata waya mmoja. Zinazoikataa ni zile za SCPH-90000 zenye BIOS (programu ya ndani ya mashine) 2.30. Ukicheza gemu kutoka flashi, USB ya PS2 ni toleo la 1.1 la polepole, kwa hiyo usishangae video za gemu zikikwamakwama.

SWALI: Nimenunua PS2 nene ya Japani, SCPH-39000. Nilipoichomeka ukutani ililia pa! na sasa haina taa kabisa. Nibadilishe fyuzi? (Malindi, Maweni)

JIBU: Fyuzi peke yake itaungua tena. Mashine hiyo ni ya 100V, na ukutani kwetu pana 240V. Ndani ya bodi ya umeme, 240V ikishanyooshwa hufika karibu 340V, ilhali kwa umeme wa 100V kapasita kubwa ya hapo hupata takriban 140V tu. Kwa kawaida huungua kapasita yenyewe, diodi na transista ya kuswichi pamoja.

Kabla ya kugusa, kumbuka kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Shika rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kwa koleo lenye mpini wa plastiki, uiweke kwenye miguu yake miwili kwa sekunde kumi, kisha uhakikishe kwa mita. Njia ya bei nafuu ni kutoa bodi nzima ya umeme na kuweka ya PS2 nene ya 240V ya kizazi kilekile. Linganisha plagi na volti zilizoandikwa. Ukirudisha ya Kijapani, nunua transfoma ya kushusha hadi 100V, ya VA 100.

SWALI: Nyumbani ni sola na betri ya 12V. PS2 nyembamba naweza kuiunga moja kwa moja? (Kizingitini)

JIBU: Hapana, 12V itaiunguza. Weka kibadilishi cha kushusha volti chenye uwezo wa ampea 8, ukiseti 8.5V kwa mita kabla ya kuunga mashine, na utie gundi kwenye skrubu yake ya kurekebishia isisogee. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri. Fuata mchoro wa pozitivu na nagetivu ulio kwenye kibandiko cha adapta yako.