Mbwa wa miezi 8 anayerukia boda na mbuzi akiwa kwenye kamba

Ndugu uliyeuliza kuhusu mbwa wako wa miezi 8 anayevuta kamba mpaka anakohoa kila akiona boda, mbuzi au mbwa wa mtaani, usikate tamaa, huo umri ndo wenyewe. Kuanzia miezi 6 hivi mpaka mwaka na nusu wengi wanakuwa hivyo, unadhani amesahau yote uliyomfundisha.

Mimi niko Ntinda, Kampala, wangu ni wa kienyeji, na kitu kilichotusaidia ni umbali. Kila mbwa ana umbali wake ambapo akiona boda anaiona tu, masikio yanasimama lakini bado anakusikia na bado anakula. Ukisogea zaidi ya hapo basi, hata umwekee nyama puani hashughuliki nayo. Kwa hiyo kipimo ni chakula, akikataa kitu ambacho nyumbani anakigombania ujue mmekaribia mno, rudini nyuma na usimfokee.

Usianzie kwenye steji jamani, pale boda zinapongojea abiria. Anzia getini, kisha ng'ambo ya barabara mbali na steji, asubuhi kabla watoto wa shule hawajajaa njiani. Unasimama tu. Boda inakuja, akishaitazama na kabla hajaruka unamwambia "vizuri" na hapohapo unampa kipande cha ini la kuchemsha, kidogo kabisa kama punje ya hindi, boda ikishapita maini nayo yanaisha. Mukene mkavu, yaani dagaa, unafaa pia na ni bei nafuu, ila utie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) maana harufu yake haitoki mfukoni. Baada ya muda utamwona boda inapita na yeye anageuka mwenyewe kukuangalia, mwili umelegea, anadai chake. Hapo ndo unasogea hatua chache, na kesho yake kama ameamka vibaya unarudi nyuma tena, hakuna shida.

Kwetu kazi kubwa ilikuwa kalooli, yaani korongo wakubwa wale wa jalalani, maana ndege mrefu vile anasimama kimya halafu ghafla anafungua mabawa. Wangu aliganda, mdomo umefumba, mkia juu, mguu mmoja wa mbele hewani. Hiyo sura ijue vizuri, kuganda kunatangulia kuruka na una sekunde chache tu. Nikasema "twende", neno tulilolizoea uani kila siku, nikageuka nikatembea bila kumvuta, tukaenda nyuma ya kibanda cha rolex (chapati ya mayai) nikamwaga maini kwenye majani ayatafute. Mbwa akinusa chini anatulia, mwache anuse hata kama una haraka.

Mnyororo wa kukaba shingo mimi siukubali hata kidogo. Ukimkaba kila boda ikipita anajifunza kwamba boda inaleta maumivu, kesho anaibwekea zaidi, na ukivuta yeye anavuta upande wake. Tafuta mkanda wa kifuani wenye pete mbele na kamba ya mita 2 hivi iliyolegea. Dakika 10 zinatosha, akianza kupiga miayo na kulamba midomo bila sababu amechoka, rudini nyumbani.

Mbwa wa mtaani wakiwafuata usikimbie, simama mbele ya wako, warushie wao konzi ya chakula halafu ondokeni polepole. Na kabla ya yote hayo hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo inaanza akiwa na miezi 3 na inarudiwa kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Mtu aking'atwa na mbwa, hata ni mkwaruzo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona kama mbwa ataugua.